Nyumba Iliyomtaka Fundi

Sehemu ya Sita

"Usikikate!"

Ukelele huo ndio uliotuachanisha wiki iliyopita, msomaji wangu, na ndio unaotukutanisha leo. Mama Mkate alikuwa amesimama mlangoni, unga umemjaa mpaka kwenye kope, mkono mmoja juu kama askari anayesimamisha magari.

Lakini mkasi hauna masikio. Ulikuwa umekwisha kupita. Kipande cha kitambaa cheupe kilitelemka kutoka mezani, kikatua sakafuni bila kishindo.

"Kisikatwe kwa nini?" Fundi aliuliza. "Ni pazia la chumba cha mama. Anafika leo saa kumi."

"Pazia!" Mama Mkate alijishika kichwa. "Ewe Mola wangu, amekata pazia!"

"Kwani kitambaa ni chako, dada?"

"Kingekuwa changu ningesimama hapa nikapumua?"

Fundi aliuweka mkasi chini. Mwanamke huyu amekula chumvi ya cherehani miaka ishirini na sita, na wateja wenye vituko anawajua. Lakini jirani yake hakuwa na kituko. Macho yake hayakutoka kwenye kitambaa.

Kwa msomaji aliyetufikia leo, nieleze kwa ufupi. Fundi ana siku kumi katika nyumba hii yenye mlango wa kijani. Aliitafuta kwa ajili ya mama yake, bibi kizee anayeishi kwa mwanawe wa kiume, ambako wifi yake Fundi amefika mahali pa kumzungumzia mkwewe mbele ya uso wake kama mtu anavyozungumzia kabati lililoziba njia. Siku kumi hizo zilikuwa za kuangaliana. Leo ndiyo siku ya kutia sahihi mkataba. Asipotia, nyumba inakwenda kwa mwingine, na bibi kizee anarudi kuwa kabati.

Wala Fundi hakuwa mjinga wa kupanga. Aligonga kuta. Alifungua bomba akaacha maji yatoke mpaka yakawa safi. Alinusa pembe za vyumba kutafuta ukungu. Aliuliza mvua inapiga upande gani. Jambo moja tu hakuuliza: nani alikaa hapa kabla yangu, na alikuwa anawafanyia nini watu hawa?

Katika mji mkubwa unapanga chumba. Mahali penye nyumba arobaini na moja unapanga nafasi ya mtu. Lishike hilo.

"Kaa, dada," Fundi alisema. "Kaa uniambie."

"Sikai kwenye nyumba hii kikiwa mezani."

"Basi simama uniambie."

Mama Mkate alikinyooshea kitambaa kidole. "Ulikipata wapi?"

"Kizingitini, juzi mchana. Nilikuwa bombani. Niliporudi nikakikuta kimekunjwa vizuri, kimefungwa kamba. Nikasema, majirani wa hapa wana haya. Wamenikaribisha kimyakimya."

"Wamekukaribisha," Mama Mkate alirudia, akacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Na tangu juzi, nani amekusalimu?"

Fundi alifikiri. Hakuna. Tangu juzi mtaa mzima ulikuwa umenyamaza. Madirisha nusu wazi. Wanawake waliopita na ndoo walipita upande wa pili. Hata huyu Mama Mkate, ambaye kwa kawaida huusemesha unga wake, mkono wake na mkaa wake, alikuwa anakanda bila neno.

"Aliyekaa hapa kabla yako tulimwita Bibi Sindano," Mama Mkate alisema. "Miaka arobaini, mpaka kifo chake. Alikuwa anashona sanda za mtaa huu."

Fundi aliitazama meza. Bafta nyeupe, laini, mita tano na ushee. Mikono yake, iliyokishika kitambaa hicho tangu asubuhi, ilimwasha ghafla.

"Kwetu hapa hakuna siri," jirani aliendelea. "Mtu akikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanamwambia pole. Sasa wewe una mgonjwa wako, unaona hatapona. Utakwenda dukani kununua bafta, watu wakuone? Watasema umemchoka, umemzika akiwa hai. Basi Bibi Sindano akaweka utaratibu. Unakileta kitambaa kabla hapajakucha, unakiacha mlangoni pake. Unakifunga kwa kamba yenye urefu wa mtu wako. Yeye hakuulizi. Anashona, anaitundika kwenye msumari wa dirisha la nyuma. Unakuja kuichukua. Hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna aliyeaibika."

"Na hiki kililetwa mchana."

"Mchana kweupe! Miaka arobaini hatujawahi kukiona kitambaa kwa macho yetu. Juzi nimefungua dirisha nitoe moshi, nakiona kinang'aa kizingitini. Kabla moshi haujaisha mtaa mzima umejua. Na kila nyumba inaangalia nyumba nyingine: ni kwao au ni kwetu? Mdogo wangu, watu hawali. Mume wangu jana usiku kaniuliza, 'Unanificha nini?'"

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Nimepita nyumba zote na kikapu cha mkate. Hakuna mgonjwa. Hata mafua hakuna." Mama Mkate alipunguza sauti. "Bibi Sindano alikuwa akisema kitambaa kinajua njia kuliko miguu iliyokileta. Na akasema kikikatwa bila kipimo, kinamtafuta aliyekikata. Au wa kwake."

Fundi hakuwa mtu wa kuamini kila lisemwalo. Alisoma mpaka darasa la saba, na magazeti anasoma. Lakini macho yake yalishuka yenyewe sakafuni, chini ya cherehani yake. Siku aliyohamia alifurahi mno: miguu minne ya cherehani ilikaa kwenye vishimo vinne vya saruji, sawasawa, kama imetengenezewa. Alidhani ni bahati.

Kamba ilikuwa bado juu ya kiti. Aliichukua. Alikuwa ameidhania kamba ya kufungia tu. Sasa aliona vifundo. Viwili vya ncha, na kimoja karibu na ncha moja.

"Usiipime," Mama Mkate alisema.

"Kupima ndiyo kazi yangu."

Aliinyoosha kwenye utepe. Kutoka ncha hadi ncha, mita moja na sentimita arobaini na tisa. Kutoka ncha hadi kifundo cha tatu, thelathini na nne.

"Mtu mfupi," alisema. "Mabega membamba. Mwanamke, au mzee aliyesinyaa."

"Si mimi," Mama Mkate alisema haraka. "Hapo hata bega langu moja halipiti."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Lakini tarakimu hizo zilikuwa zinamwita Fundi kama sauti ya mtu umjuaye anayekuita nyuma yako sokoni. Alivuta daftari lake la vipimo. Hakulazimika kutafuta. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa mwandiko wake wa ujana, na pembeni masahihisho ya kila mwaka jinsi mwili ulivyopungua, mpaka ya mwaka jana.

*Mama. 149. Mabega 34.*

"Ni nani?" Mama Mkate alinong'ona.

Fundi alilifunga daftari.

"Hajawahi kukanyaga hapa," alisema, si kwa jirani wala kwa nafsi yake. "Hapa hakuna anayemjua. Hapa hakuna anayejua urefu wa mama yangu."

Mlango ukagongwa.

Wote wawili waliruka. Lakini aliyeingia alikuwa dalali, mtu mnene mwenye mkoba mwembamba, anayejulikana kotekote kwa jina la Maji Yapo, kwa sababu hata ukimwuliza nyumba ina madirisha mangapi atakujibu maji yapo.

"Dada zangu! Mkataba huu hapa. Kalamu hii hapa. Na maji..."

Aliona kitambaa.

"Ulijua," Fundi alisema.

"Nijue nini, dada?"

"Nyumba hii ilikaa tupu miezi minane. Ulinitajia waliokataliwa. Mwalimu alikataliwa. Mwashi na mkewe walikataliwa. Nesi alikataliwa. Nilipokuja mimi na cherehani kichwani mwa mchukuzi, mtaa mzima ukatoka kunisaidia kuingiza vitu. Nikajiona nina uso wa heshima."

"Uso unao, dada..."

"Hamkunitaka mimi. Mlitaka sindano."

Maji Yapo alijifuta jasho kwa mkataba. "Waliniambia, tuletee fundi. Nikaleta fundi. Kosa langu liko wapi?"

"Hukuniambia sharti."

"Ungeniuliza ningekwambia."

"Ningeuliza nini? 'Samahani, kuna maiti wowote nitakaowashonea?'"

"Watu huuliza maji," dalali alijitetea kwa unyonge. "Hakuna aliyewahi kuniuliza watu. Na mimi nilidhani majirani wamekwambia."

"Nasi tulidhani umemwambia wewe!" Mama Mkate alifoka. "Mdomo wote huo, unaupeleka wapi siku ya kazi?"

Fundi hakuwasikia. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Basi lilikuwa limeshatoka tangu alfajiri. Mama yake yumo ndani, na mto wake mgongoni, akielekea kwenye nyumba ambayo imeshamchukua kipimo.

Nyumba nyingine hakuna. Kwa kaka hakukaliki. Lakini bora kabati lililo hai.

"Sitii sahihi," alisema. Akajitanda kanga, akatoka.

Kutoka mlango wa kijani mpaka basi linaposimama ni mwendo wa dakika kumi. Siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko safari ya basi. Mtaa ulikuwa umejaa watu na hakukuwa na sauti. Mshona viatu aliacha nyundo hewani. Mwanamke aliyekuwa anaanika nguo alimvuta mwanawe nyuma ya shuka. Fundi alimtazama mzee mmoja aliyekuwa anaota jua barazani, kumtazama tu, kama mtu anavyomtazama mzee ili amsalimu. Mzee akajikunja mabega, na mkwewe akatoka mbio akamwingiza ndani na kiti chake.

Ndipo alipoelewa. Walidhani anawapima.

Na lililo baya zaidi, msomaji wangu, alikuwa anawapima kweli. Hakutaka. Lakini jicho lililopima watu miaka ishirini na sita halifungwi kama bomba. Kila aliyempita lilimsomea urefu wake. Mita moja na sitini. Mita moja na sabini na tatu. Kila mmoja alipita amevikwa nguo nyeupe isiyokuwapo.

Basi lilifika saa kumi kasorobo. Wakashuka wawili, watatu, halafu mguu mdogo uliovaa kandambili ya buluu ukatafuta ardhi.

"Mama, usishuke!"

"Nimeshashuka."

"Panda tena. Rudi kwa kaka. Nitakueleza baadaye."

Bibi kizee alimwangalia bintiye juu hadi chini. Mama alikuwa amepungua tangu walipoonana mara ya mwisho. Gauni alilomshonea mwaka jana lilimning'inia kama limetundikwa.

"Kondakta," alisema bila kugeuka, "nishushie na mto. Huyu mtoto alianguka kitandani akiwa mdogo, usimjali."

Kondakta alicheka, akarusha mto, na akamgeukia Fundi kwa uso mkunjufu wa mtu aliyefanya wema.

"Na ule mzigo wa juzi uliupata, dada? Nilipita mchana nikakuta mlango umefungwa. Mama alinisisitizia mlango wa kijani, nikauweka kizingitini. Ile bafta."

Basi likaondoka. Vumbi likapanda, likatulia. Fundi akamgeukia mama yake.

"Ni wewe uliyekituma."

"Ni mimi. Kama nilivyokuwa nakutumia kipimo zamani, ulipokuwa hujajua kusoma utepe. Umesahau kamba?"

"Mama, kile ni kitambaa cha..."

"Najua ni cha nini. Nimekinunua mwenyewe." Alikaa juu ya mto wake, pale pale kando ya njia, akashusha pumzi. "Daktari ameniambia maneno yake. Kaka yako sikumwambia, ana moyo wa karatasi. Wifi yako sikumwambia, angefurahi akaumbuka bure. Nikasema, ninaye mtoto fundi. Sitaki mkono wa mtu nisiyemjua upite kwenye pindo langu. Hivyo tu."

"Ungenipigia simu!"

"Nikwambie kwenye simu? Ukiwa peke yako, jioni, na sufuria jikoni?"

Fundi alipiga magoti mavumbini. Tangu asubuhi alikuwa ameogopa mizimu, mikosi, maneno ya marehemu. Sasa hofu zote hizo zilimkimbia kwa mkupuo, na mahali pake pakaja jambo moja dogo, la kawaida, lisilo na mzimu wowote. Hilo halikukimbia.

"Mama, nimekikata," alisema akilia. "Nimekikata pazia."

Bibi kizee alimfuta machozi kwa kiganja. Halafu mabega yake ya sentimita thelathini na nne yakaanza kutikisika.

"Pazia!" alicheka mpaka akakohoa. "Basi nizike nacho hivyo hivyo. Malaika wakija watabisha hodi, wakinidhania dirisha."

Alicheka Fundi pia, huku analia, na watu wawili waliokuwa wakipita wakaongeza mwendo.

Walirudi pole pole, mama ameshika mkono wa bintiye. Mama Mkate alikuwa akiwangojea katikati ya njia. Fundi alimwambia yote kwa maneno machache. Jirani alisikiliza, akamkumbatia bibi kizee kwa mikono yake ya unga. Alikuwa na uchungu kweli. Lakini kwanza, kabla ya uchungu, uso wake ulilegea. Akageuka akapaza sauti:

"Si chetu! Jamani, si chetu! Ni cha mama yake Fundi!"

Ungeona mtaa ulivyofunguka. Madirisha yaligonga kuta. Watoto waliachiwa kama kuku asubuhi. Nyundo ya mshona viatu ikaanza kulia. Yule mzee wa barazani alitolewa nje na kiti chake, na mkwewe akampangusa uso kwa upendo ambao huenda hakuwahi kuupata mwaka mzima. "Karibu, bibi! Karibu sana! Pole na safari!" Waliomkwepa Fundi siku tatu walimshika mkono wote, mmoja baada ya mwingine, macho yao yaking'aa machozi ya kupona.

Walifurahi. Hawakuwa watu wabaya, walifurahi tu kwamba si wao. Na katikati ya salamu zile Fundi alisikia baridi ambayo kitambaa hakikumpa. Aliona jinsi itakavyokuwa: siku yoyote, miaka yote, nyumba moja italia nyuma ya mlango uliofungwa na arobaini zitashukuru, na mtu mmoja tu, mwenye mlango wa kijani, atajua kipimo cha yule anayeliliwa. Bibi Sindano alibeba hilo miaka arobaini. Alimwambia nani?

Ndani ya nyumba, Maji Yapo alikuwa bado mezani. Bafta alikuwa ameisogeza kwa ncha ya kalamu.

"Dada, kama hutaki ni haki yako. Nitawaambia..."

"Hii nyumba umeiangalia?" mama aliuliza. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anazungusha macho taratibu. "Vizuri?"

"Nimeangalia ukuta, mama. Watu nimewaangalia leo."

"Na umeonaje?"

Fundi alitazama nje. Mama Mkate alikuwa anakuja na mkate mkononi, bado analia, bado ana furaha.

"Wanaogopa," alisema. "Kama mimi."

"Basi utakaa nao."

Fundi aliuchukua mkataba akausoma mstari kwa mstari, kama alivyopaswa kusoma mtaa siku ya kwanza. Paliandikwa paa, bomba, ufunguo. Sindano haikutajwa popote.

"Andika sharti," alimwambia dalali.

"Lakini sharti lenyewe huwa haliandikwi, dada."

"Leo linaandikwa. Andika: mpangaji atashona kila kitakachowekwa kizingitini, na hatauliza wala kuulizwa ni cha nani. Andika na hili: kikiwekwa, mtaa huu utaendelea kumsalimu."

Maji Yapo aliandika, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Fundi alitia sahihi.

"Bado nafasi moja tu," dalali alisema, akirudiwa na uchangamfu wake. "Idadi ya watakaokaa. Wapangaji wawili, siyo? Wewe na mama."

"Wawili," Fundi alisema.

"Watatu," mama alisema.

Kalamu ilisimama. Fundi aligeuka. Mama yake alikuwa ameketi, mto mapajani, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka usoni.

"Wa tatu nani, mama?"

"Andika, baba," bibi kizee alimwambia dalali. "Watatu. Anakuja na basi la kesho." Kisha akamshika bintiye kifundo cha mkono, akambana kwa nguvu ambayo mgonjwa hana.

"Na wewe, mwanangu, ukimwona anashuka usipige kelele. Najua tulimzika. Nilikuwapo."